Namna ya kwenda kunywa chai kwenye vibanda vya familia vijijini kwa Wakhasi, Meghalaya

Watu wengi wanaofika Meghalaya, iwe vijana wetu wanaosoma India au waliokwenda kutembea tu, wanakimbilia maporomoko ya maji na madaraja ya mizizi ya miti hai, wanapiga picha, jioni washarudi Guwahati, na ukiwauliza Wakhasi, wenyeji wa milima ile, wakoje hawana cha kukwambia maana hawajakaa nao hata nusu saa. Mimi naona ni hasara kubwa kabisa. Sehemu ya kukaa nao ipo na haina kiingilio, ni kibanda cha chai cha kijijini.

Utavikuta pembeni ya barabara au kwenye uwanja wa soko, bati juu, mbao au mianzi pembeni, mabenchi mawili matatu, jiko la kuni au mkaa lenye birika ambalo halitoki motoni tangu alfajiri, na kabati dogo la vioo lenye vitafunwa. Anayekiendesha ni mama au dada wa nyumba ile, mabinti wanaosha vikombe, mume au kaka anapasua kuni na kubeba mchele. Kwao kinaitwa dukan sha, na kama wanauza na wali basi nje utaona kibao kimeandikwa Ja bad Sha, wali na chai. Sasa ukishajua kwamba kile kibanda mara nyingi kimeshikana na nyumba, na jiko unaloliona ndo hilohilo linalopikia watoto wa familia, utaelewa kwanini namna ya kuingia na kukaa ina uzito. Umeingia jikoni kwa mtu.

Kufika

Hili nalipitia haraka. Meghalaya ni jimbo la kaskazini mashariki mwa India, lilizaliwa rasmi tarehe 21 Januari 1972 likitokea jimbo la Assam, na mji mkuu ni Shillong. Ukitoka kwetu utapita Mumbai au Delhi, unachukua ndege ya ndani mpaka Guwahati, hapo unapanda gari za kushea wanazoziita Sumo, kama kilomita 100 hivi kupanda milima mpaka Shillong. Viza ya India omba mapema mtandaoni, ila kwa Meghalaya yenyewe huhitaji kile kibali cha ziada kinachodaiwa kwenye baadhi ya majimbo jirani kama Arunachal Pradesh. Kutoka Shillong, Sumo za kwenda vijijini zinapatikana maeneo ya soko kubwa la Iewduh, ambalo wengi wanaliita Bara Bazar, ukisema Sohra au Mawphlang mtu atakuonyesha gari.

Sohra ndo ile Cherrapunji tuliyosoma kwenye jiografia, ilinyesha milimita 26,461 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861. Kwahiyo kama hupendi kulowa usiende Juni mpaka Septemba, nenda Oktoba hadi Aprili. Lakini beba koti la mvua mwaka mzima, na sweta pia, Shillong iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari na Desemba na Januari baridi yake mtu wa Dar ataihisi hadi kwenye meno.

Kijiji gani? Kila mtu atakutajia Mawlynnong kwa sababu ya sifa ya usafi, jarida la Discover India lilikiita kijiji kisafi kuliko vyote Asia mwaka 2003, na kweli ni kisafi na kizuri, ila wageni ni wengi mno na vibanda vyake vimezoea watu wa dakika tano. Kama una siku moja tu mimi ningekushauri Mawphlang, kama kilomita 25 toka Shillong, kuna msitu mtakatifu ambao huruhusiwi kutoka na hata jani, unatembea humo na mwongozo wa kijijini alafu unakuja kunywa chai. Smit ni pazuri pia. Na kama miguu iko vizuri, shuka ngazi za kutoka Tyrna kwenda Nongriat, zinapita 3,000, njiani kuna familia zimeweka meza mbele ya nyumba zao na chai, machungwa, na noodles, na ukiwa unapandisha kurudi utawashukuru mpaka machozi.

Siku na saa ya kwenda

Hapa watu wengi wanakosea kwahiyo nakaa kidogo.

Kwanza Jumapili achana nayo. Wakhasi walio wengi ni Wakristo, Thomas Jones mmisionari Mpresbiteri toka Wales alifika Sohra mwaka 1841 na toka hapo kanisa limeota mizizi, na Jumapili vijijini ni kanisa na nyumbani, maduka yanafungwa. Wapo pia wengi wanaoshika dini yao ya asili, jumuiya yao ya Seng Khasi ipo tangu 1899, kwahiyo usidhani kila unayekutana naye ni mtu wa kanisani, ila kwa habari ya chai ya Jumapili jibu ni lilelile, kumefungwa.

Pili, siku ya soko. Wakhasi wana wiki ya kisoko ya siku nane, kila siku ina jina lake na kila eneo lina siku yake, kwahiyo soko la kijiji fulani likiwa Jumanne hii, linalofuata litakuwa Jumatano ya wiki ijayo. Ukitumia kalenda yetu ya siku saba utafika ukute uwanja mtupu. Uliza Shillong kabla hujapanda gari, dereva wa Sumo anajua maana ndo biashara yake. Siku ya soko vibanda vinajaa kuanzia alfajiri, wakulima wameshusha tangawizi, tambuu, machungwa na majani ya mdalasini mwitu, kila mtu anataka chai kabla ya kuuza na chai baada ya kuuza. Ni raha kuona, ila kama lengo lako ni kukaa uongee na mwenye kibanda, hiyo siku hana nafasi, nenda siku ya kawaida saa nne asubuhi hivi, watu wa shamba washaondoka na wa mchana hawajafika.

Tatu, jua. India nzima inatumia saa moja, mbele yetu kwa saa mbili na nusu, lakini Meghalaya iko mashariki sana kwahiyo kwao jua linawahi mno. Desemba saa kumi na nusu jioni linazama, kumi na moja giza. Juni kinyume chake, saa kumi na nusu alfajiri kumepambazuka. Kwahiyo siku yako ianze mapema kuliko ulivyozoea, kibanda kinachofunguliwa na jua kinafungwa na jua.

Ukifika mlangoni

Salimia kabla hujaangalia vyakula. Hili halina tofauti na kwetu, mtu anayeingia na kuanza kunyooshea kidole kabati bila salamu anaonekana hajalelewa. Mwanamke unamwita Kong, ni dada mkubwa lakini linatumika kwa heshima kwa wanawake kwa ujumla, mwanaume ni Bah. "Kumno, Kong" inatosha kuanzia. Alafu kuna Khublei, hiyo ishike sana, ni salamu, ni asante, ni kwaheri, ndani yake kuna baraka za Mungu, na Khublei shibun ni asante sana. Ukitaka kuuliza kama chai ipo, "Don sha, Kong?" Kingereza kinaenda maana ni lugha rasmi ya jimbo na shule zinafundisha, ila mama mtu mzima wa kijijini anaweza asikijue, na Kihindi chako ulichookota Delhi usikitegemee huko, wengi hawakipendelei na wengine hawakiongei kabisa. Kikhasi ni ukoo mmoja wa mbali na Kikambodia na Kivietinamu, hakina undugu na Kihindi.

Kaa pale utakapoonyeshwa. Benchi ni za wote, utakaa bega kwa bega na dereva, mwanafunzi, bibi mwenye kikapu chake cha khoh kinachobebwa kwa mkanda wa kichwani. Sogea mtu akija. Viti vidogo vya mianzi karibu na moto ni vya wenyeji na wazee, subiri uitwe, na baridi ikikaza watakuita kweli, hapo ndo maongezi yanapoanza.

Nini cha kunywa na kula

Chai ziko mbili, sha saw ambayo ni chai ya rangi, na sha dud ya maziwa. Agiza sha saw kwanza. Kijijini ndo chai yenyewe, imechemka vizuri, kali, na inaenda na vitafunwa vyao vya mchele. Sukari wanatia wenyewe na hawana mkono mwepesi, kama hutaki sema mapema. Majani mengi yanatoka Assam hapo chini bondeni, lakini Meghalaya yenyewe siku hizi inalima chai kidogo pia, maeneo ya Ri Bhoi na karibu na Shillong, kwahiyo uliza ni ya wapi, ni swali zuri la kuanzishia stori.

Vitafunwa karibu vyote ni unga wa mchele. Putharo ni mkate mweupe laini wa duara, hauna sukari, unachovya kwenye chai au unaula na nyama. Pumaloi ni ya mvuke, inatoka tepetepe na inaliwa ikiwa moto, ikipoa inakauka kwahiyo usiagize alafu ukaanza kupiga picha. Pukhlein imechanganywa na sukari guru na kukaangwa, rangi ya kahawia, hii ndo watu wetu wengi wataipenda mara ya kwanza. Pusla imefungwa kwenye jani. Kama kuna chungu cheusi kwenye moto kiangalie vizuri, vyungu vya aina hiyo vinatoka kijiji cha Larnai upande wa milima ya Jaintia, wanawake wanavifinyanga kwa mkono bila gurudumu, na kina mama wengi watakwambia pumaloi ya chungu haifanani na ya sufuria.

Kwenye wali sasa. Jadoh ni wali uliopikwa na nguruwe, kwa asili na damu yake, na manjano ndani. Dohneiiong ni nguruwe na ufuta mweusi, na hiki mimi nakitetea popote, ni chakula kikubwa. Dohkhlieh ni nyama ya kichwa ya kuchemsha iliyochanganywa na vitunguu na tangawizi. Tungrymbai ni soya iliyochachushwa, harufu yake inakufika kabla ya sahani, onja kidogo kwanza. Tungtap ni kachumbari kali ya samaki mkavu.

Ndugu zangu Waislamu hapa muwe makini, nguruwe yuko kila mahali, sufuria ni hizohizo na mafuta mara nyingine ni yake. Neno la kujua ni doh sniang, hiyo ni nyama ya nguruwe. Kijijini kutegemea halali ni kujisumbua, chukua sha saw, matunda na biskuti za pakti, na ukimweleza Kong kwa upole kwamba hiki huli kwa ajili ya dini, atakuelewa, Waislamu hawajawahi kuwa wageni kwenye milima ile na Shillong kwenyewe kuna msikiti mzuri wa vioo. Shibe yako ya mchana ipange mjini.

Kwai

Ukimaliza chai, na mara nyingine hata kabla, utapewa kwai. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja mtaijua palepale maana ni uraibu wa bibi zetu: popoo, jani la tambuu na chokaa. Tofauti ni kwamba popoo yao mara nyingi ni mbichi au iliyolowekwa, ina nguvu ya ajabu, unatafuna dakika moja masikio yanawaka, jasho linakutoka kifuani, kichwa kinakuwa chepesi. Haidumu, inapita, ila uwe umekaa.

Kwa Wakhasi hii ndo alama ya kwanza ya ukarimu. Nyumba inaweza kukosa sukari, kwai haikosi. Zamani hata umbali wa safari walikuwa wanaupima kwa idadi ya kwai utakazotafuna njiani, na mtu akifa wanasema amekwenda kula kwai mlangoni kwa Mungu. Wana hadithi yake ambayo ukipata mzee wa kukusimulia, tulia umsikilize: palikuwa na marafiki wawili, mmoja tajiri mmoja fukara, tajiri akamtembelea fukara, na nyumba nzima haikuwa na punje ya mchele wa kumpikia mgeni. Mume na mke kwa aibu wakajiua, tajiri alipowakuta naye akajiua kwa uchungu, na mwizi aliyejificha humo usiku akaogopa kusingiziwa, naye akafa. Mungu akawahurumia, akaotesha popoo, tambuu na chokaa, na mwizi akawa tumbaku, ili tangu siku hiyo maskini na tajiri wawe na kitu kilekile cha kumpa mgeni na pasiwe na mtu wa kufa kwa aibu ya jiko tupu. Mimi hadithi hii inanigusa sana, kwa sababu ukikaa kwenye vile vibanda unaona kabisa kwamba mwenye gari na mbeba mawe wanapokea kipande kilekile mkono uleule.

Sasa unatakiwa kuipokea? Pokea, kwa mkono wa kulia au mikono miwili, sema Khublei. Kutafuna ni hiari yako na nitasema wazi, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka popoo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, hata bila tumbaku. Kwahiyo unaweza kuonja mara moja ya heshima, au ukaifunga kwenye jani lake ukaweka mfukoni, hakuna atakayekulaumu. Kuisukuma nyuma kwa uso wa kinyaa ndo kunakoumiza. Na ukitafuna, mate mekundu usiteme barabarani, tema pembeni walipopatenga.

Nani mwenye kibanda

Utaona dereva mkubwa mwenye mwili anamuuliza Kong bei kwa sauti ya chini, na hela zote zinaingia kwenye mfuko wa kiunoni mwa mama. Wakhasi wanafuata ukoo wa mama, mtoto anachukua jina la ukoo wa mama yake, na nyumba ya ukoo inarithiwa na binti wa mwisho, wanamwita khatduh, ambaye pia ndo anabaki kulea wazazi na kupokea ndugu wote. Msomaji wa Newala au wa milima ya Uluguru haya si mageni kwako, ukisimulia kwamba na nyie kwenu ukoo unapita kwa mama utaona macho yao yanavyofunguka, nimeona maongezi ya saa nzima yakizaliwa hapo.

Ila usiende na ile stori ya mtandaoni kwamba huko wanawake ndo watawala na wanaume hawana sauti. Mjomba, kaka wa mama, ana uzito mkubwa kwenye maamuzi ya familia, na baraza la kijiji, dorbar, kwa mila ni la wanaume. Binti wa mwisho anarithi nyumba pamoja na mzigo wake, wengine wangependa kwenda kusoma mbali na hawawezi kuacha wazee. Ukiuliza, uliza kama mtu anayetaka kujua, na kama Kong yuko bize na sufuria acha swali lipite.

Picha omba kila mara, hasa ya watoto na ya mtu anayekula. Simu weka mezani kifudifudi, netiweki mabondeni inakata yenyewe. Takataka zako weka kwenye kapu la mianzi, kila kona lipo, na kikombe usikiache chini.

Kulipa ni mwishoni. Kumbuka umekula putharo ngapi maana utaulizwa wewe, na wanakuamini, kwahiyo taja sawasawa. "Katno?" ni shilingi ngapi. Wenyeji wanalipa kwa kuskani simu ila mgeni mwenye laini ya nje utasumbuka, beba keshi tangu Shillong, noti za 10, 20 na 50 rupia, noti ya 500 kwa chai moja asubuhi ni kumpa mama kazi ya kuzunguka majirani kutafuta chenji. Usipatane bei, chai ni hela ndogo. Kuacha chenji kubwa kama bakshishi nako hakupendezi sana, inageuza ugeni kuwa kitu kingine, bora ununue kitu anachouza: asali, pilipili manga, majani ya mdalasini mwitu, manjano ya Lakadong kutoka Jaintia ambayo rangi yake imekolea kuliko ya dukani kwetu.

Na kabla hujaagiza kikombe cha pili muulize gari la mwisho la kurudi Shillong linapita saa ngapi, kwa sababu linawahi kama jua linavyowahi, na Sumo ikijaa haisubiri mtu. Likikupita usianze kutembea kwenye ukungu, barabara zina kona na magari ya mawe. Mwambie Kong. Atajua nyumba gani ina chumba cha wageni na bei yake, na kama kijiji hakina utaratibu huo atamtuma mtoto kwa Rangbah Shnong, mkuu wa kijiji, ambaye kwa vyovyote anatakiwa ajue kuna mgeni amelala. Weka kopi ya pasi na viza karibu, utaombwa.